UKUMBI WA MAMA NA NYUMBA: Safari Bila Gari kwa Mama Mwenye Watoto Wawili

Nilikuwa nimetayarisha mazungumzo ya jikoni, lakini nimeyaweka kando, kwa sababu nimepokea barua ambayo haifai kungoja.

Mwandishi wa barua hiyo ni mama wa kambini, mke wa koplo. Ana mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu, na binti wa majuma 11. Mumewe aliondoka kwenda kazini nje ya nchi binti huyo akiwa na siku 9 tu. Anaeleza kwamba alipompeleka binti kuchanjwa akiwa na majuma 6, safari ile ilimtoa machozi. Walipofika kwenye steji ya teksi, kaka mtu alimponyoka mkononi akakimbilia barabarani, na kama si muuza mihogo mmoja kumdaka kwa shati, leo mama huyo angekuwa anaandika barua ya namna nyingine. Tangu siku hiyo hajathubutu kutoka na watoto wote wawili. Siku ya chanjo ya majuma 10 imekwisha kupita. Sasa anauliza mambo matatu. Je, amwache mwanawe chini ya ulinzi wa binti wa jirani mwenye miaka 8? Je, angoje mpaka baba yao arudi? Na je, akienda sasa, wauguzi watampokea au watamrudisha kwa aibu ya kuchelewa?

Ndugu wasomaji, barua hii ni ya mama mmoja, lakini swali ni la wengi. Askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia tangu Machi 1970 na kitu? La, si zamani hivyo: ni tangu Machi 2007, na kila kikosi kinapoondoka, huko nyuma hubaki akina mama ambao kwa miezi mingi huwa baba na mama kwa pamoja. Polisi naye huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya. Wenye magari yao wenyewe ni wachache. Basi mama hubaki na miguu yake, teksi na bodaboda, na watoto ambao mmoja hawezi kutembea na mwingine hataki kusimama.

Nitaanza na swali la mwisho, maana ndilo jepesi. Mama mpenzi, nenda. Katika nchi yetu mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha akiwa na majuma 6, majuma 10 na majuma 14, na tena akiwa na miezi 9. Ile sindano ya majuma 6, 10 na 14 humkinga na maradhi matano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na ule ugonjwa wa bakteria unaoweza kuleta homa ya uti wa mgongo na kichomi kwa watoto wadogo. Aliyechelewa hafutiwi chanjo alizokwisha kupata wala haanzishwi upya. Huendelea pale alipoachia, ila tu kati ya sindano moja na nyingine ya aina hiyo yapite majuma manne. Kwa hiyo binti yako hajapotelewa na kitu ambacho hakiwezi kurudishwa. Lakini kila siku anayokaa bila kinga ni siku ambayo kifaduro kinaweza kumkuta, na kifaduro huwa kikali zaidi kwa watoto walio chini ya miezi 6. Kumngoja baba arudi ni kungoja mno.

Swali la kwanza nalo nalijibu kwa neno moja: hapana. Mtoto wa miaka 8 anaweza kucheza na mwenzake mdogo mbele ya macho ya mtu mzima, lakini hawezi kuachiwa roho ya mtu mikononi. Moto wa sigiri, ndoo ya maji, choo cha shimo na lango la kambi vyote humngoja mtoto wa miaka miwili na nusu. Mtoto wa umri huo anaweza kuzama katika ndoo bila hata kupiga kelele. Mlezi awe mtu mzima, na awe amekubali kwa kinywa chake kwamba kwa saa hizo kazi yake ni hiyo tu.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Askari hatoki kambini bila kujua njia, mzigo na saa ya kurudi. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Jambo la kwanza: punguza safari.

Safari iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajika. Kabla ya kufunga mbeleko, uliza. Je, ni lazima watoto wote wawili waende? Ikiwa mwenye miadi ni mdogo peke yake, na yupo jirani mzima wa kumtunza mkubwa, mwache. Lakini ikiwa ni mwezi wa Aprili au Oktoba, fahamu kwamba hiyo ni miezi ambayo watoto wa tangu miezi 6 hadi miaka mitano hupewa vitamini A, na walio na umri wa mwaka mmoja na zaidi hupewa dawa ya minyoo. Hapo kumchukua mkubwa kunaweza kukuokolea safari ya pili.

Uliza pia siku. Chupa za chanjo nyingine, kama ile ya surua na ile ya kifua kikuu, zikisha kufunguliwa hazina budi kutumika katika muda wa saa 6, kisha hutupwa. Kwa sababu hiyo zahanati nyingi huchagua siku maalumu za kuwakusanya watoto. Mama asiyejua siku hiyo hufika amechoka, watoto wamelia njia nzima, akaambiwa arudi Alhamisi. Si ubaya wa muuguzi. Ni kanuni ya dawa. Yatosha kumwuliza mhudumu wa timu ya afya ya kijiji, au mama aliyekwenda juma lililopita. Uliza vilevile kama wahudumu huja karibu na kambi kwa huduma ya mkoba, maana pengine unapanga safari ya maili nyingi kufuata kitu ambacho Jumanne kitakuja chini ya mwembe ulio langoni.

Jambo la pili: chagua saa na kituo.

Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, barabara za kuingia na kutoka Kampala hujaa, watu husukumana, na nauli hupanda. Mvua ikinyesha hupanda tena. Mama mwenye watoto wawili hana kazi katika msukumano huo. Kama zahanati inafungua saa mbili, ama atoke alfajiri kabla ya wafanyakazi, ama atoke baada ya saa tatu. Arudi kabla ya wanafunzi na wafanyakazi hawajamwagika. Katika majira ya mvua, tangu Machi hadi Mei na tena tangu Septemba hadi Novemba, achungue mawingu kwanza, hasa ikiwa njia yake inapita mabondeni kama Bwaise, ambako maji hujaa upesi.

Chagua pia mahali pa kushukia. Wengi wetu tumezoea kwamba safari ya mjini ni lazima ifike kwenye paki kuu. Kwa nini? Anayetoka upande wa Bombo akipita Matugga anafika Kawempe, penye hospitali kubwa ya akina mama na watoto, kabla hajauona msongamano wa paki. Ashuke hapo. Paki ni mahali pa watu wazima wenye mikono miwili mitupu. Mizigo hupita vichwani, teksi hurudi nyuma bila dereva kumwona mtoto aliye chini ya kioo, na kila upande kuna mtu anayekuita. Ikiwa huna budi kubadili teksi pakini, mbebe mkubwa mpaka utakapoketi, hata akikataa.

Jambo la tatu: namna ya kubeba.

Mama zetu walitulea migongoni, na mgongo ni mahali pema. Lakini mtoto mchanga ambaye shingo yake haijakaza hafai mgongoni safarini, kwa sababu humwoni. Kichwa kikiinama mbele, kidevu kikagota kifuani, njia yake ya hewa hubanwa, naye hafurukuti wala halii. Hunyamaza tu, na mama hudhani amelala. Mweke mbele, kifuani, wima, juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unaweza kumbusu utosini. Uso wake uuone wakati wote. Kati ya kidevu chake na kifua chake vidole viwili vya mtu mzima vipite. Magoti yake yawe juu kuliko makalio, miguu imepanuka kidogo kama chura. Kitambaa kikaze mgongo wake asije akajikunja. Kisha usimfunike uso kwa shali wala blanketi, hata kama kuna vumbi. Mpe kivuli kwa mwavuli au kwa ukingo wa kitenge, lakini hewa ipite.

Wapo wanaoona kubeba kifuani ni mtindo wa kigeni usiotufaa. Niwaambie habari moja. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwatia joto. Akaanza kuwafunga watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, jinsi kangaruu anavyombeba mwanawe mfukoni. Leo njia hiyo inashauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto njiti wa nchi tajiri na maskini. Kifua cha mama si mtindo. Ni nyumba ya kwanza ya mtoto baada ya tumbo.

Mtoto mdogo akiwa kifuani, mikono yako yote miwili huwa huru, na hilo ndilo jambo kubwa. Mkono mmoja ni wa mkubwa. Mshike kifundo cha mkono, si vidole, kwa sababu vidole huteleza. Wala usimnyanyue kwa kumvuta mkono mmoja. Kiwiko cha mtoto mdogo huteguka upesi. Ukitaka kumpandisha, mshike kwapani. Mama mmoja wa hapa kwetu hufunga ukanda wa kitenge kiunoni mwake, akaacha ncha ndefu, na mwanawe huishika ncha hiyo kama askari aliyeshika lijamu ya farasi. Watu hucheka, lakini mtoto haponyoki, maana ameambiwa kwamba yeye ndiye anayemwongoza mama. Hata hivyo mama hamwachi kifundo penye magari.

Mkiwa mnatembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, tembeeni upande wa kulia. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo mkiwa kulia mtayaona yanayowajia usoni. Mtoto awe upande wa majani, wewe uwe upande wa lami.

Na ikiwa ulijifungua kwa kupasuliwa, basi kwa majuma 6 ya mwanzo usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako mchanga. Hiyo ina maana kwamba hutambeba mkubwa. Safari ya watoto wawili katika majuma hayo ni ya watu wazima wawili, usijidanganye.

Jambo la nne: mfuko.

Mfuko uwe mmoja, wa kuvaa begani au mgongoni, usiwe wa kushika. Ndani yake weka kadi ya chanjo ndani ya nailoni, nepi tatu, kitambaa cha akiba, chupa ya maji kwa ajili yako na mkubwa, na chakula kikavu kisichopakaa, kama ndizi au kipande cha chapati. Mdogo hahitaji maji wala uji; chini ya miezi 6 maziwa yako yanamtosha, hata jua liwe kali namna gani. Mnyonyeshe kabla ya kutoka na tena mkifika. Nauli iweke mbali na mfuko, katika noti ndogo, mahali unapofikia bila kumwachia mtoto. Mama anayetafuta noti chini ya nepi huku konda anapiga kelele ndiye mama anayeponyokwa na mtoto.

Jambo la tano: ndani ya teksi.

Teksi zetu ni za abiria 14. Ikiwa imekwisha kujaa na konda anakwambia mtajibana, mwache aende zake. Kama uwezo upo, lipia kiti cha mkubwa. Ni afadhali kupunguza kitu kingine sokoni. Usiketi mbele kando ya dereva na mtoto mapajani, wala usiketi penye mlango ambapo kila anayeshuka atawapita juu. Kiti cha safu ya katikati, upande wa dirisha, ndicho chema. Mkubwa akae dirishani, wewe umzuie. Dirisha lifunguke kiasi cha hewa, lisitoshe kichwa wala mkono.

Kupanda, mpandishe mkubwa kwanza huku umemshika, kisha upande nyuma yake. Kushuka ni kinyume chake: shuka wewe kwanza, simama imara, kisha mtoe. Kamwe mtoto asitangulie chini. Lipa nauli gari likiwa bado linakwenda, ili mkifika mikono iwe tayari.

Nisiwadanganye kwamba mapaja ya mama ni ngome. Mahali pa salama kwa mtoto ndani ya gari ni kiti chake maalumu kilichofungwa, na viti hivyo katika teksi havimo. Kama mkanda upo, jifunge wewe, na mkanda upite chini ya mtoto, si juu yenu nyote wawili. Kwa sababu gari likigonga, uzito wako wote humbana mtoto kati yako na mkanda. Lililo katika uwezo wako ni kuchagua gari na dereva. Dereva anayekwenda mbio mwambie, kwa sauti na kwa adabu. Mara nyingi abiria wengine walikuwa wakingoja mtu wa kwanza kusema.

Jambo la sita: bodaboda.

Jina hili lilizaliwa kwetu mpakani. Miaka ya 1960 vijana wa Busia walikuwa wakiwapakia watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, kati ya Uganda na Kenya, wakiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka: boda, boda. Baiskeli ikawa pikipiki, na pikipiki ikaenea mpaka kila kichochoro. Sikatai kwamba imewaokoa wengi usiku wa uchungu wa kuzaa.

Lakini nina la kukiri. Nilipokuwa mama kijana katika kota, nilipanda pikipiki na watoto wangu wawili, mdogo kifuani na mkubwa amebanwa kati yangu na dereva. Hatukuanguka. Hakuna aliyetugonga. Tulifika, nikashuka nikimshukuru Mungu, nikamteremsha mkubwa kwa upande wa kulia, na ndama ya mguu wake ikagusa bomba la kutolea moshi. Kilio kile bado nakisikia. Mwanamke mmoja alikuja na dawa ya meno, mwingine na mafuta ya kupikia, nami kwa ujinga wangu nikayapokea yote. Kovu lipo mpaka leo, na mwanangu ni mtu mzima.

Basi jifunzeni kwa kosa langu. Aliyeungua, mmwagieni maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mfunike kidonda kwa kitambaa safi kisichonata na mpelekeni kwa mganga. Dawa ya meno, mafuta, unga na majivu huzuia joto kutoka na huleta uchafu kidondani.

Na kabla ya kuungua: pikipiki imeundwa kwa dereva na abiria mmoja, na wote wawili wapaswa kuvaa kofia ngumu. Kofia inayomfaa mtoto mchanga haipo, kwa kuwa shingo yake haiwezi kuibeba. Kwa hiyo mama, mchanga na mkubwa juu ya pikipiki moja si jambo la kuombea bahati. Watu husema ajali haina kinga. Msemo huo hutufariji baada ya msiba, lakini kabla ya msiba ni kisingizio. Ikiwa umbali ni mfupi, tembea. Ikiwa ni mrefu, ngoja teksi. Ikiwa ni ugonjwa wa ghafula, tafuta gari la kukodi, gonga mlango wa jirani, mwite askari wa zamu.

Hapo sharti niseme wazi. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayepumua mbio, anayeshikwa na degedege, mwenye homa au aliye baridi kuliko kawaida, au ambaye nyayo zake zimekuwa njano, hangojewi saa tatu wala teksi yenye nafasi. Vilevile mama anayetokwa na damu nyingi, mwenye kichwa kinachomuuma sana na macho yenye kiwi, au mwenye homa baada ya kujifungua. Hiyo si safari ya zahanati. Ni wito wa hatari, na kambi nzima yapaswa kuitikia.

Jambo la saba: moyo wa mkubwa.

Kwa nini mtoto wa barua yetu alikimbia? Mama anadhani ni utundu. Mimi nadhani pengine ni uchungu wa moyo. Juma moja alikuwa na baba, na mama alikuwa wake peke yake. Mara akaja mdogo, mara baba akaondoka, na sasa anaambiwa atembee huku kifua alichokizoea kimekaliwa. Usimpige kwa hilo. Jioni ya kuamkia safari mweleze njia: tutapita langoni, tutasalimu askari, tutapanda teksi, tutamwona muuguzi. Mpe kazi. Ashike kadi mkiwa mmeketi, ahesabu pikipiki nyekundu, amwambie mdogo asilie. Mtoto mwenye kazi hana nafasi ya kukimbia. Na mkirudi, kabla hujawasha moto, mweke mapajani dakika kumi, yeye peke yake.

Sasa neno kwa akina baba.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi wa kike siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na mumewe siku 4. Sheria hiyo haiwahusu wanajeshi, nanyi mnajua kwamba amri ya safari haitazami kitanda cha mzazi. Lakini yapo ambayo baba anaweza kuyafanya hata usiku mmoja kabla ya kuondoka. Andika katika karatasi siku zote za chanjo, uibandike ukutani. Acha nauli ya safari hizo katika bahasha ya peke yake, isichanganywe na ya sukari. Mpeleke mkeo kwa majirani wawili, umwambie kila mmoja mbele yake kwamba wewe hupo na unamwomba. Ombi la mwanamume kwa jirani yake lina uzito, na humwondolea mkeo aibu ya kuomba. Uliza pia kama kambi ina gari liendalo hospitali siku fulani na kama lina nafasi kwa jamaa za askari.

Na wewe ambaye hujaondoka, uliye na siku ya mapumziko: mbebe mtoto. Sijapata kusikia kwamba askari ameshushwa cheo kwa kuonekana na mbeleko.

Nanyi akina mama wa kambi, mnayo nguvu ambayo mama wa mjini aliyejifungia ndani ya lango lake hana. Mnaishi mlango kwa mlango. Wekeni zamu kama waume zenu wanavyoweka zamu ya lindo: mama watatu wenye watoto wa kuchanjwa waende siku moja, na wa nne abaki na wale wakubwa, juma lijalo wa nne aende. Hakuna gharama, hakuna kamati, hakuna mhuri.

Mama mpenzi uliyeniandikia, haya basi ndiyo majibu yako. Usimngoje baba. Usimwachie mtoto mtoto. Kesho gonga mlango wa kushoto na wa kulia kwako, uulize ni nani atakwenda zahanati juma hili na ni nani atabaki. Mfunge binti yako kifuani, mshike mwanao kifundo ikiwa hana budi kwenda, na mtoke jua likiwa bado halijawa kali. Muuguzi akikuuliza kwa nini umechelewa, mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi. Kisha ukirudi, mwandikie mumeo kwamba mtoto amechanjwa. Huko aliko, habari hiyo itampa usingizi.

Na yule muuza mihogo, kama bado yuko penye steji ile, mnunulie mtoto kipande kimoja, umsalimie kwa niaba yetu sote.

Tukijaliwa, juma lijalo tutarudi kwenye yale mazungumzo ya jikoni. Kwaherini.